Nyasi za Bweranyange: Mandhari Iliyotengenezwa na Mipango ya Mazingira katika Upande Mkavu wa Kagera, 1861–2019

Utangulizi

Mkoa wa Kagera huelezwa mara nyingi kama mkoa wa mvua, na sifa hiyo ni ya kweli kwa ukanda unaopakana na Ziwa Victoria. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kadiri mtu anavyoelekea magharibi hali hubadilika. Katika sehemu kubwa ya vilima vya Karagwe mvua hushuka hadi kati ya milimita 800 na 1,000, na kiangazi cha Juni hadi Septemba hukausha miteremko na kuwasukuma wanyama kuelekea mabondeni. Karagwe si jangwa, wala haina ukame wa kiwango cha Dodoma au Shinyanga. Hata hivyo ni upande mkavu wa mkoa, na historia yake imefungamana na nyasi kama ile ya Buhaya ilivyofungamana na migomba.

Bweranyange ilikuwa makao ya watawala wa Karagwe wa ukoo wa Abahinda, na ndiko Omukama Rumanyika Orugundu alikowapokea wasafiri wa kwanza wa Ulaya mwaka 1861. Leo sehemu za magharibi na kaskazini za nchi aliyoitawala zimo ndani ya hifadhi mbili za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Nyaraka za mipango na maandishi ya utalii huzitaja hifadhi hizo kwa msamiati wa maumbile: uoto wa asili, mandhari ya asili, wanyama wa asili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msamiati huo unapotosha. Nchi ya wazi ambayo wageni wa karne ya 19 waliisifu ilitengenezwa na watu, ng'ombe na moto. Vichaka vilivyofuata navyo vilikuwa na historia, yaani vilitokana na maafa ya miaka ya 1890. Mpango wowote wa mazingira unaoanza kwa kudhani kwamba vichaka ndivyo hali ya mwanzo unaipa matokeo ya maafa hadhi ya maumbile.

Nchi waliyoiona Speke na Grant

John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861. Speke aliondoka kuelekea Buganda Januari 1862, lakini Grant, aliyekuwa anaugua mguu, alibaki Karagwe hadi Aprili. Kwa mwanahistoria wa mandhari ugonjwa huo una faida yake. Grant alikuwa mchoraji na mkusanyaji wa mimea, na mimea aliyoikausha katika safari hiyo ilipelekwa Kew na kuchapishwa kitaalamu katika miaka ya 1870. Ni nadra kwa nchi ya bara ya Afrika Mashariki kuwa na shahidi wa aina hiyo kabla ya ukoloni.

Jambo la kwanza kuzingatiwa ni jina walilolipa ziwa dogo lililokuwa chini ya makao ya Rumanyika. Waliliita Windermere Ndogo, kwa sababu Grant aliliona linafanana na ziwa la Windermere la kaskazini mwa Uingereza. Watafiti wengi wamelipita jina hili kama kiburi cha kawaida cha wasafiri wa enzi ile, na kiburi hakika kimo. Lakini mfanano ulitegemea kitu halisi: maji yaliyozungukwa na vilima vya nyasi, miti michache, na mifugo ikichunga miteremkoni. Kwa Mwingereza wa wakati huo hiyo ndiyo ilikuwa mandhari nzuri, naye aliizoea kupitia bustani kubwa za matajiri wa kwao, zilizopangwa kwa makusudi ziwe na nyasi, maji na ng'ombe. Speke na Grant hawakujiuliza ni nani aliyeipanga mandhari ya Karagwe. Walichukulia kuwa imejitokeza yenyewe.

Haikujitokeza yenyewe. Vilima vya Karagwe vina udongo na mvua vinavyotosha kuotesha vichaka na misitu ya migunga. Nyasi hubaki nyasi pale tu ambapo kitu fulani huzuia miche ya miti kukua. Katika Karagwe ya karne ya 19 mambo matatu yalifanya kazi hiyo kwa pamoja. La kwanza ni ng'ombe wa pembe ndefu, waliokuwa mali, chakula na alama ya utawala. La pili ni moto wa kiangazi, uliochomwa ili nyasi kavu zitoe machipukizi. La tatu, ambalo halitajwi vya kutosha, ni chuma. Watawala wa Karagwe walijulikana kwa vyombo vya chuma vya kifalme, na Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, alieleza hazina ya Rumanyika yenye mikuki ya chuma na sanamu za shaba. Uchunguzi wa akiolojia wa Andrew Reid na Rachel MacLean, uliochapishwa mwaka 1995, umeonyesha jinsi uzalishaji wa chuma ulivyoshikamana na mamlaka na imani katika nchi hiyo. Chuma huhitaji makaa, na makaa huhitaji miti. Mhunzi na mchungaji hawakukusudia jambo moja, ila kazi zao ziliielekeza nchi upande uleule.

Wanyambo walikuwa na maneno ya kugawa nchi hiyo. Kibanja ni shamba la nyumbani lenye migomba, linalorutubishwa kwa samadi na takataka za nyumba. Rweya ni nchi ya nyasi iliyo nje ya makazi, mahali pa malisho na pa kukata nyasi za kuezeka na kutandaza shambani. Mpaka kati ya viwili hivi haukuwa mpaka kati ya mji na pori. Rweya ilikuwa na wenyewe, na rutuba ilitoka kwake kwenda kwenye kibanja kwa njia ya tumbo la ng'ombe. Kuita rweya ardhi tupu ni sawa na kuita ghala jengo tupu kwa kuwa hakuna anayelala humo.

Picha hii isitiwe chumvi. Mwezi Desemba 1861 Speke alikwenda kuwinda vifaru katika vichaka vya miiba visivyo mbali na makao ya Rumanyika, jambo linaloonyesha kwamba hata wakati wa nguvu za ufalme nchi haikuwa nyasi tupu. Vilevile chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Stanley alizitembelea mwaka 1876 na kuzipitia tena mwaka 1889, zilikuwa katika bonde lenye miti mirefu, na wagonjwa walifika hapo kutoka nchi za mbali kutafuta tiba. Palikuwa na mahali pa miti, mahali pa miiba na mahali pa nyasi. Mgawanyo wake ulilindwa na kazi ya kila mwaka, na kazi hiyo ilihitaji watu na ng'ombe wa kutosha.

Sotoka, mbung'o na kurudi kwa vichaka

Miaka ya 1890 na 1891 sotoka ilienea Afrika Mashariki kutoka kaskazini na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Karagwe, iliyokwisha kudhoofishwa na migogoro ya urithi baada ya kifo cha Rumanyika, ilipigwa vibaya. Zilifuata njaa, ndui na funza, mdudu aliyeingia bara kupitia Kongo akiwa mgeni kwa watu wasiojua namna ya kumtoa vidoleni. Utawala wa Kijerumani uliojengwa Bukoba katika miaka hiyohiyo uliikuta Karagwe imeinama.

Kilichotokea kwa nyasi kinajulikana kwa ubora kupitia makala ambayo John Ford, mtaalamu wa mbung'o, na R. de Z. Hall, ofisa wa utawala, waliichapisha mwaka 1947 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ilikuwa historia ya Karagwe iliyoandikwa na mtu aliyefika kutafuta nzi. Maelezo yao yalikuwa kwamba ng'ombe walipokufa, nyasi hazikuliwa. Watu walipopungua na kujikusanya, miteremko iliyoachwa ilifunikwa na migunga na vichaka. Wanyamapori, ambao baadhi yao walistahimili sotoka au waliongezeka upya haraka kuliko ng'ombe, waliingia humo. Nyuma yao, katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, wakafuata mbung'o kutoka kusini. Mbung'o walipokwisha kukaa, ng'ombe hawakuweza tena kurudi, kwa kuwa nagana iliwaua. Mduara ukajifunga: bila ng'ombe vichaka havikuondoka, na kwa sababu ya vichaka ng'ombe hawakuweza kuja.

Ford aliendelea na hoja hiyo hadi katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nafasi ya malale na nagana katika ikolojia ya Afrika, ambamo alidai kwamba jamii za kabla ya ukoloni zilikuwa na njia zao za kuishi na ugonjwa huo, na kwamba uvamizi wa kikoloni ulizivunja kabla watawala hawajazielewa. Helge Kjekshus aliipanua hoja hiyo mwaka 1977 iwe ya Tanganyika nzima. Upinzani ulikuja haraka. John Iliffe na baadaye Juhani Koponen walionyesha kwamba Kjekshus alipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, kana kwamba njaa, vita na magonjwa vilianza na Wazungu. Ukosoaji huo ni wa haki kwa Tanganyika kwa ujumla. Kwa Karagwe, hata hivyo, hoja ya Ford inasimama vizuri zaidi kuliko ile ya Kjekshus, kwa sababu haihitaji kuamini enzi ya dhahabu. Inahitaji tu kukubali mfuatano wa matukio ambao maandishi ya Speke, Grant na Stanley upande mmoja, na uchunguzi wa mbung'o upande wa pili, vinauthibitisha.

James Fairhead na Melissa Leach walichapisha mwaka 1996 utafiti uliopata umaarufu kuhusu Kissidougou, Guinea, ambako maofisa waliona vipande vya misitu katikati ya nyasi na kudhani ni mabaki ya msitu mkubwa ulioharibiwa na wanavijiji. Ukweli ulikuwa kinyume: wanavijiji ndio waliootesha misitu hiyo. Karagwe ni kisa kilekile kilichogeuzwa. Huko watu walitengeneza msitu wakalaumiwa kwa nyasi. Hapa watu walitengeneza nyasi, walipoondoka vikaja vichaka, na vichaka vikapewa ulinzi wa sheria kama urithi wa asili.

Majaribio ya nchi kavu: Shinyanga, Kondoa, Dodoma

Ili kuona uzito wa kosa hilo inafaa kutazama mahali ambapo serikali ilipanga mandhari ya nchi kavu kwa nguvu na fedha. Shinyanga ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton aliongoza huko ufyekaji mkubwa wa vichaka kwa msaada wa watemi na maelfu ya watu, kwa lengo la kuondoa mbung'o na kurudisha ng'ombe. Ulifanikiwa. Ufyekaji uliendelea, mashamba ya pamba yakaongezeka, mifugo ikaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imekosa miti ya kuni na kivuli. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Taifa lililofyeka kwa miaka sitini likaanza kupanda.

Miche ya vitalu haikuwa sababu kuu ya mafanikio ya HASHI. Mradi uligundua upya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili iwe akiba ya kiangazi. Ardhi iliyofungwa hivyo iliotesha miti yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai. Mradi ulipoanza ngitili zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi, na ulipofikia mwisho wake mwaka 2004 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kiini cha jambo ni kwamba chombo cha mipango kilichofanya kazi kilikuwa tayari katika lugha ya wenyeji, na ng'ombe walikuwa sehemu ya chombo hicho. Ngitili isiyo na ng'ombe haina maana.

Kondoa njia ilikuwa nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, uliamua mwaka 1979 kuondoa mifugo yote, takribani 90,000, katika eneo la kilometa za mraba 1,256 lililoliwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi, na makorongo yalianza kutulia. Kwa kipimo cha udongo huo ni ushindi ambao haupaswi kubezwa. Lakini wafugaji walibeba gharama yote kwa mara moja, na mifugo ilihamishia uzito wake katika nchi za jirani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliruhusiwa tena, safari hii wakiwa wamefungwa zizini na kukatiwa majani.

Dodoma mjini inatajwa hapa kwa ufupi tu. Mpango kabambe wa makao makuu wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulitaka mji ufuate umbo la vilima na mabonde badala ya kuyasawazisha. Ulikuwa usanifu wa mandhari kwa maana kamili ya neno hilo, ila uliwahusu wakazi watarajiwa zaidi kuliko Wagogo na mifugo waliokuwapo.

Kutoka pori la akiba hadi hifadhi ya taifa

Karagwe haikupata Swynnerton wala HASHI. Nchi iliyofunikwa na vichaka upande wa mto Kagera ilitengwa kwa ajili ya wanyama, kama Wabelgiji walivyofanya ng'ambo ya mto mwaka 1934 walipoanzisha hifadhi ya Akagera. Baada ya Uhuru yaliendelezwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu. Jina la pori la pili linastahili kusimamiwa kidogo. Omukama aliyejulikana kwa makundi ya ng'ombe amepewa heshima ya kuitiwa ardhi ambayo ng'ombe haruhusiwi kukanyaga. Hakuna dalili kwamba waliolichagua jina hilo waliiona kinaya hiyo.

Msukosuko wa mwaka 1994 uliwapa wapangaji sababu mpya ya kuogopa watu. Wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Ngara na Karagwe, na katika kambi za Karagwe, zikiwamo Chabalisa na Omukariro, miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi hadi wengi waliporudishwa kwao Desemba 1996. Uharibifu huo ulikuwa wa kweli. Ulizaa pia mazoea ya kumwona kila mwenye shoka au ng'ombe kuwa mgeni mharibifu. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowalenga wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ilipita katika nchi ambayo uchungaji wake haujawahi kufuata mstari wa mto.

Njia ya tatu ilijaribiwa kati ya 2010 na 2015. Mradi wa bonde la mto Kagera, ulioendeshwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika nchi nne za Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, uliitazama ardhi kama mfumo mmoja wa kilimo, malisho na maji, na ulitumia mashamba darasa ambamo wakulima wenyewe walipima matokeo. Mawazo yake yalikuwa karibu na uhusiano wa rweya na kibanja kuliko mpango wowote wa serikali uliotangulia. Miaka minne baada ya mradi huo kufungwa, mwaka 2019, mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, pamoja na Burigi-Chato yenye kilometa za mraba 4,707 iliyoundwa kutokana na mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi.

Uamuzi huo una faida zinazoeleweka: ulinzi wa vyanzo vya maji, wanyama waliobaki, na matumaini ya utalii katika mkoa ulio mbali na njia kuu za watalii. Unabeba pia tatizo la kitaalamu ambalo hadhi mpya haikulitatua. Hifadhi inalinda hali gani, na ya mwaka gani? Ikiwa ni ile ya 1861, nyasi zinahitaji walaji wengi na moto uliopangwa, na vifaru ambao Speke aliwinda hawapo tena kuvunja miiba. Ikiwa ni ile ambayo Ford na Hall waliikuta, basi kinacholindwa ni kichaka kilichoota juu ya makazi yaliyokimbiwa.

Ulinganisho ulioanzishwa na Grant kwa jina la ziwa unaweza kukamilishwa hapa. Windermere ya Uingereza imo katika wilaya ya maziwa ambayo UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Iliingizwa kama mandhari ya kitamaduni, kundi lililotambuliwa na Kamati ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1992, na sehemu kubwa ya sababu ni ufugaji wa kondoo ambao kwa karne nyingi umeifanya miteremko yake iwe wazi. Wachungaji wamo ndani ya mpango, na kondoo wao wanahesabiwa kuwa watunzaji wa mandhari. Katika Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa sheria za hifadhi za taifa haziruhusu malisho ya mifugo, na mchungaji anayeingia na ng'ombe hukamatwa. Bweranyange penyewe, pamoja na mabaki ya makao ya Abahinda, hutazamwa kama jambo la historia na mambo ya kale; vilima vinavyoizunguka hutazamwa kama jambo la wanyamapori au la kilimo; na malisho ni ya idara nyingine tena. Ofisi inayoweza kusoma kasri, nyasi na ng'ombe kama kitu kimoja haijaundwa katika Karagwe wala Kyerwa, na ramani za wilaya hizo mbili, zilizotenganishwa mwaka 2012, zimeikata nchi ya Rumanyika katikati.